Chumvi ya Kumtoa Bi Somoe Eda

Sogeeni karibu, na mwenye kitu mdomoni akimeze, maana kisa hiki kikifika mwisho mtaulizwa nyinyi, na jibu la mtu anayetafuna halisikiki.

Kulikuwa na wanawake watatu walioolewa katika nyumba moja. Waume zao walikuwa ndugu wa tumbo moja, na kila mwanamke alikuja na kipaji chake kutoka kwao.

Wa kwanza ni Kibibi, mke wa mwana mkubwa. Huyu alipewa ulimi. Si ulimi wa matusi, ingawa huo nao alikuwa nao. Kibibi akionja mchuzi alikutajia kila kilichomo na kila kilichosahauliwa, na kama vitunguu vilikaangwa kwa mafuta ya jana alikwambia mbele ya wageni wako.

Wa pili ni Riziki, mke wa mwana wa kati. Huyu alipewa mikono. Mkate wake ulitoka rangi moja juu na chini kama umepakwa kwa brashi. Hakuwa na mizani wala kikombe cha kupimia. Vidole vyake vitatu vilijua kiasi, na vidole vya mtu mwingine karibu na chungu chake hakuvitaka.

Wa tatu ni Mboni, mke wa kitinda mimba. Huyu alipewa masikio. Mwanamke mkimya, mpaka wengine wakadhani ana upungufu. Lakini ukikaa naye mkichambua mchele, utajikuta unamwambia mambo ambayo hata mto wako wa kulalia hauyajui. Na ukishamwambia, basi. Hayatoki tena.

Ulimi, mikono, masikio. Yawekeni hayo pembeni, twende kwa mama mkwe wao, maana yaliyotokea yalimtokea yeye.

Mama mkwe aliitwa Bi Somoe, wa mtaa wa Visima Viwili kule Tanga. Mumewe, Mzee Mbaruku, alikuwa mchoma mikate. Miaka thelathini na moja aliwapikia watu boflo, na boflo zilizobaki jioni alizileta nyumbani. Asubuhi yake Bi Somoe alizikata vipande, akazilowesha mayai, akazipanga kwenye sufuria na kima, nyama ya kusaga, katikati, akafunika na kuweka makaa chini na juu. Huo ndio mkate wa boflo wa nyumba ile. Watu walisikia harufu yake wakajifanya wamekuja kuulizia afya.

Mzee Mbaruku akafa siku ya Ijumaa, akivua viatu mlangoni pa msikiti. Bi Somoe akaingia eda, miezi minne na siku kumi.

Sasa mtaa wa Visima Viwili una desturi yake, na msiulize imeandikwa kitabu gani, haikuandikwa. Dini inasema siku zikitimia zimetimia. Wanawake wa mtaa wanasema, ndiyo, ila bado chumvi. Mjane akishaogeshwa na kuvaa nguo mpya, wanawake wanakuja kunywa naye chai saa nne asubuhi. Majirani wanaleta vya sukari: vitumbua, kaimati, mkate wa kumimina. Upande wa marehemu unaleta kitu kimoja tu, nacho ni cha chumvi. Mjane akikila mbele za watu, wanajua mwenzao amerudi. Asipokila, wanamaliza chai kimya wanakwenda zao, na hapigiwi hodi tena kwenye shughuli, maana wanasema huyo bado amelala na mumewe kule alikolala.

Na aliyemlisha mjane ile chumvi hupewa sufuria ya nyumba.

Msicheke kwamba ni sufuria. Ile ilikuwa nzito, ya kitako bapa, na mfuniko wake una ukingo wa kushika makaa. Bi Somoe aliipokea kwa mama mkwe wake, naye aliipokea kwa wake. Mwenye sufuria ile ndiye mkubwa wa jiko la ukoo wote. Kwenye harusi na kwenye msiba, yeye akisema wali haujaiva, haujaiva, hata shehe awe ameshanawa mikono. Kibibi aliitaka. Riziki aliitaka. Mboni hakusema, lakini hata mwenye masikio ana roho.

Wasichokijua wote watatu ni kwamba Bi Somoe hakuwa na nia ya kula chumvi ya mtu yeyote.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka sita kabla ya kufa, Mzee Mbaruku alipatikana na presha. Daktari akamwambia, mzee, chumvi basi. Bi Somoe akaitoa jikoni. Na kwa kuwa hakuona haki mtu kula raha mbele ya mgonjwa, naye akaiacha, bila kuwaambia wakwe zake, maana kila mmoja alikuwa na jiko lake. Miaka sita wakala pamoja, mchuzi kama maji ya kuoshea vyombo. Halafu ile Ijumaa asubuhi, Mzee Mbaruku akashika mkono wa mkewe jikoni.

"Somoe, leo tu. Nimechoka kutafuna pamba."

"Daktari alisemaje?"

"Daktari anakula nini kwake? Leo tu, mke wangu."

Akamwonea huruma. Akatia chumvi kwenye mkate wa boflo, vidole vitatu, kama zamani. Mzee akala vipande viwili, akalamba vidole, akasema, "Sasa umepika." Akaoga, akavaa kanzu, akaenda msikitini, na hakurudi kwa miguu yake.

Bi Somoe akajihukumu mwenyewe bila kadhi. Mkono wangu huu, alisema moyoni. Akaapa kwamba chumvi haitapita tena kooni mwake. Akanyamaza nayo hiyo siri, akakaa chumbani na nguo yake nyeupe.

Wakwe zake walimletea chakula kwa zamu. Wakishatoka, alichukua beseni la maji akakiosha. Nyama akaiosha, samaki akamwosha, wali akaumwagia maji akauchuja kwa kanga. Kilichobaki hakikuwa na ladha wala nguvu. Mwezi wa nne ulipoingia, alikuwa akisimama kuswali anashika ukuta. Wanawake waliokuja kumtazama walitikisa vichwa wakasema, "Maskini, alimpenda mumewe." Yeye akawaacha waseme.

Zikabaki wiki tatu. Kibibi alikuja kuchukua bakuli lake la samaki wa kupaka. Bi Somoe alikuwa amechelewa kulisuuza. Kibibi akapitisha kidole kwenye mabaki, akalamba, kama alivyozoea kulamba kila kitu. Akasimama pale pale.

"Mama."

"Nini tena?"

"Samaki wangu umemwosha."

"Hebu niondolee ulimi wako kwenye bakuli langu."

"Nazi imekimbia, ndimu imekimbia, chumvi haipo hata ya kusingizia. Na juzi ule mchuzi wa Riziki nilionja mabaki nikadhani kakosea. Mama, wewe huli chumvi. Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa na akili zangu. Chukua bakuli, uende."

Kibibi akachukua bakuli, lakini hakwenda mbali. Alikwenda uani, akawaita wenzake, na dirisha la Bi Somoe linatazama uani. Akasikia kila neno.

"Mama anajiua kidogo kidogo," Kibibi alisema. "Hiyo miguu inayotetemeka si huzuni, ni mwili umekaukiwa. Siku ya kutoka hatakula, na akikataa mbele za watu ndiyo basi tena. Kwa hiyo tuchague kitu ambacho hawezi kukikataa. Mimi nasema katlesi za nyama, zenye pilipili manga."

"Katlesi!" Riziki akacheka kwa pua. "Katlesi wanakula watu wa mikutano. Mama ni mtu wa mkate wa boflo. Ndio alioipikia nyumba hii. Akinusa tu, atakula."

Chumbani Bi Somoe alishika ukingo wa kitanda. Mkate ule ule. Alitaka kupiga kelele wasiulete, na hakuweza, maana wangeuliza kwa nini.

"Wewe Mboni, umekaa tu kama mzigo wa kuni," Kibibi akasema. "Unachagua nini?"

"Mimi sijui," Mboni akasema. "Sijasikia bado anachokataa ni nini."

"Anachokataa ni chumvi! Nimekwambia!"

"Hicho ndicho ulichokionja wewe."

Siku ya pili Mboni akaja na ungo na mchele kilo tatu. Hakuuliza kitu. Akakaa chini, akachambua. Bi Somoe naye, kwa kuwa mikono ya mwanamke haipendi kuona mwenzake anafanya kazi peke yake, akavuta ungo upande wake. Siku hiyo walitoa mawe tu. Siku iliyofuata walitoa mawe. Siku ya tatu, bila kuinua macho, Bi Somoe akasema:

"Mimi ndiye niliyemuua baba mkwe wako."

Mboni akatoa jiwe, akaliweka pembeni. Bi Somoe akamweleza yote: pamba, vidole vitatu, vipande viwili, mlango wa msikiti. Alipomaliza, Mboni hakumwambia usiseme hivyo mama, wala Mungu ndiye anayejua, maneno ambayo watu humwaga ili wapate kuondoka. Alisema tu, "Nimesikia." Akamaliza mchele, akaenda.

Akaenda wapi? Akaenda kule kwenye tanuri la mikate, kisingizio ni kuchukua vitu vya marehemu vilivyobaki. Akapewa kigoda, akakaa. Wachoma mikate ni watu wa maneno, moto unawafungua, na mbele ya Mboni hata jiwe lingeongea. Akakaa mpaka boflo za pili zikatoka. Aliporudi kwa mama mkwe wake alikuwa na koti la kazi la Mzee Mbaruku mkononi.

"Mama, ulikuwa ukilifua hili?"

"Kila Alhamisi."

"Mfuko wa ndani ulikuwa na nini?"

"Hamira. Mfuko ulijaa hamira siku zote, mpaka nikachoka kuukung'uta. Mchoma mikate atakuwa na nini?"

Mboni akampa koti. Bi Somoe akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa kikaratasi kilichosokotwa kama cha muuza njugu. Akakifungua. Hakuhitaji kuonja, ila alisugua kilichomo kati ya vidole, akajua si hamira. Ilikuwa chumvi ya mawe, iliyosagwa.

"Wanasema kila siku," Mboni akasema polepole. "Boflo ya kwanza ikitoka, anaipasua, anatia siagi, anatoa kikaratasi. Na mayai mawili ya kuchemsha. Waliwahi kumkataza. Akawaambia, kwa mke wangu nala dawa, huku niacheni nile chakula."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile alipotoka kwa daktari."

Mnadhani Bi Somoe alilia kwa nafuu, kwamba si vidole vyake vitatu vilivyomuua? Hakulia. Alikaa na kikaratasi mapajani, na aliposema, sauti ilitoka kama ya mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Miaka sita nimekula kama mgonjwa, na mgonjwa alikuwa anakula kama bwana harusi."

Mboni akalikunja koti.

"Mwongo mkubwa. Na nilimzika kwa heshima."

"Ulimzika kwa heshima, mama."

"Nani mwingine anajua?"

"La tanuri wanalijua watu wa tanuri, na wameahidi kunyamaza. La jikoni kwako nalijua mimi."

"Basi libaki hapo. Sitaki watoto wake wamwite mwongo, wala sitaki mimi niitwe jina lolote. Umenisikia? Hata Kibibi. Hasa Kibibi."

"Nimesikia."

Siku tatu Bi Somoe alikuwa na hasira na maiti. Aligombana naye kimoyomoyo wakati wa kula na wakati wa kutawadha. Siku ya nne hasira ikapungua, na palipokuwa na hasira akakuta kitu alichokisahau: njaa. Akamwita Kibibi dirishani.

"Lete katlesi yako moja. Usiseme na mtu."

Kibibi akaleta mbio. Bi Somoe akamega, akatia mdomoni. Alitaka kula, sikilizeni, alitaka kwa roho moja. Lakini ulimi ulikuwa umekaa miaka sita bila chumvi. Ile chumvi ya kawaida ya watu ilimchoma kama ametia kaa la moto. Koo likafunga. Akatema kwenye kiganja, akatapika na maji aliyokunywa asubuhi. Kibibi akampangusa uso, lakini lile neno "usiseme na mtu" likamshinda. Magharibi haijafika Riziki alikuwa anajua.

Riziki akaja mwenyewe, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Mama, nasikia ulimi umekataa."

"Huyo Kibibi angekuwa redio tungemzima. Ndiyo, umekataa. Nimejaribu. Labda ndiyo niache tu, wanawake wanywe chai yao waende."

"Unataka kula au hutaki?"

Bi Somoe akamtazama. Swali halikuwa na mapambo.

"Nataka."

"Mkate wa boflo utauweza?"

Hapo Bi Somoe akaona tena ile sufuria ya Ijumaa, na koti, na kikaratasi. "Lete huo huo," akasema. "Nina neno nao."

"Basi niachie siku hizi zilizobaki. Na Kibibi asikanyage jikoni kwangu."

Jinsi alivyofanya Riziki ni hivi, na wapishi waliopo wasikilize. Alichukua boflo za jana akazikata. Akavunja mayai kwenye bakuli saba badala ya moja. Kima nacho akakigawa mafungu saba. Fungu la kwanza halikupata chumvi kabisa. La pili alitia chembe ambazo mtoto wa darasa la kwanza angezihesabu. La tatu zaidi kidogo, la nne zaidi, hivyo hivyo mpaka la saba, ambalo lilikuwa na chumvi ya watu wote. Kisha akaweka kwenye sufuria yake kuta ndogo za jani la mgomba, kama vyumba, kila fungu na chumba chake, ili yasiingiliane. Moto wa chini mdogo, wa juu mkubwa kidogo. Akajaribu mara nne. Mara ya kwanza kuta zililegea, ya pili chini kuliungua, ya tatu ulitoka mzuri lakini chumba cha nne na cha tano havikupishana vya kutosha, akawapa kuku. Mara ya nne akaondoa majani ukiwa wa moto, mkate ukashikana ukawa mmoja, mviringo, na mtu asiyejua asingeona kitu.

Siku ikafika. Bi Somoe akaogeshwa, akavikwa kanga mpya na gauni la kijani. Wanawake kama ishirini wakakaa mkekani. Vitumbua vikaja, kaimati zikaja. Wifi yake, Bi Mwanamkasi, dada wa marehemu, ndiye aliyesimamia, mwanamke mwenye goti bovu na subira fupi.

"Upande wa marehemu," akasema, "leteni chenu."

Riziki akaweka sahani mbele ya Bi Somoe. Akainama sikioni. "Anzia hapa, mama, zunguka kwa kulia. Donge moja moja. Usiruke."

Bi Somoe akatazama ule mkate. Mkono wake ukakaa juu yake bila kushuka. Wanawake wakaacha kunywa. Mbele yake kulikuwa na mkate wa Ijumaa, na yeye peke yake, yeye na Mboni aliyekaa nyuma karibu na mlango, walijua hivyo. Kama si kile kikaratasi, mkono usingeshuka. Ukashuka. Akamega kipande cha kwanza, kikapita kama mate. Cha pili kikapita. Cha tatu akahisi kitu kando ya ulimi, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha. Cha nne akafumba macho. Cha tano akasita kidogo, Kibibi akashika mdomo wake mwenyewe kwa woga. Koo likafikiri, likakubali. Cha sita. Cha saba akakitafuna muda mrefu, akameza, akafuta mkono.

"Imekolea," akasema.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanamke mmoja alishusha pumzi, wengine wakafuata, kisha vikombe vikaanza tena kugongana. Bi Somoe alikuwa amerudi.

"Alhamdulillahi," Bi Mwanamkasi akasema. "Sasa sufuria, wifi yangu. Mpe mwenyewe kabla watu hawajainuka, goti langu hili halinisubiri."

Bi Somoe akaileta sufuria kutoka chumbani, akaiweka mkekani. Riziki akasogea mbele na mikono imenyooka.

"Ngoja kwanza," Kibibi akasema. "Mwenzangu, unapokea ya nani?"

"Nani amelisha? Macho ya watu ishirini hayakuona?"

"Yameona mwisho. Nani aliyejua mama anaosha chakula? Miezi minne mlipeleka bakuli na kurudisha bakuli, mkasema maskini anahuzunika. Ningefunga mdomo wangu, leo ungeleta mkate wako wa chumvi ya kawaida, mama angeutapika hapa mkekani, na ungelia wewe. Hivyo vyumba saba ulivijenga kwa habari ya nani?"

"Habari haishibishi mtu! Wewe na habari yako ulileta katlesi. Zilifika wapi? Kwenye beseni. Kujua kwamba mtu anaumwa na kumponya ni kazi mbili, bibi wee. Mara nne nimeungua vidole hivi."

"Na mimi aibu je? Mnadhani ni kitu rahisi kumwambia mama mkwe, mama unadanganya?"

Bi Mwanamkasi akapiga kijiko kwenye kikombe. "Wawili hawa nimewaelewa. Huyu wa mlangoni anatokwa na machozi ya nini? Mboni, na wewe una dai?"

Watu wakageuka. Mboni akatazama chini, kisha kwa mara ya kwanza tangu aolewe mtaa ule akasema neno mbele ya kadamnasi.

"Ninalo, shangazi."

"Ulifanya nini?"

"Nisingefanya nilichofanya, mama asingeugusa mkate ule. Hata kipande kile kisicho na chumvi."

"Nimekuuliza ulifanya nini."

"Hicho siwezi kusema."

Wanawake wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka mtoto akidai yeye ndiye aliyebeba gunia. Kibibi akasema, "Huyu alichambua mchele." Riziki akasema, "Na aliuchambua vizuri." Mboni akainua uso. Hakuondoka. Alibaki akimtazama Bi Somoe, na Bi Somoe akalielewa lile jicho: halikuwa linaomba huruma, lilikuwa linauliza haki.

Hapo ndipo Bi Somoe alipokwama. Akimpa Riziki, watu wote wataridhika, maana ndicho walichokiona, na mikono ile kweli imefanya ambacho hakuna mwingine angeweza. Lakini Riziki alijenga juu ya msingi ambao hakuuchimba. Akimpa Kibibi, atakuwa amemlipa aliyeona wakati wengine wote wamefumba, na hata ile siri ya katlesi iliyomshinda, kama angeitunza shughuli ingeharibika. Lakini ni huyo huyo aliyemtangaza mama mkwe wake uani kama taarifa ya habari. Akimpa Mboni, atakuwa amemlipa aliyemtoa kaburini. Lakini ishirini watauliza kwa nini, na hawataacha kuuliza, mpaka siku moja jina la Mzee Mbaruku lichafuke na lile la vidole vitatu lijulikane. Na akimnyima, atakuwa amemwadhibu kwa kosa la kutunza siri aliyoombwa aitunze.

Na asije mtu hapa akasema waipokezane, kila mmoja mwezi wake. Mwenye kusema hivyo hajawahi kuona sufuria ya kupokezana inavyorudi, imebonyea na haina mfuniko. Mkubwa wa jiko ni mmoja. Watatu wakisema wali haujaiva kwa sauti tatu, watu watakula mbichi.

"Wifi," Bi Mwanamkasi akasema, "chai imekwisha."

Bi Somoe ameinama, viganja viwili ameviweka juu ya mfuniko. Kibibi yuko kulia kwake, Riziki yuko mbele yake, Mboni yuko kule mlangoni. Wanawake wameshika mabuibui yao tayari kuinuka.

Haya, nimewapa yote, na nimewapa hata lile ambalo waliokaa mkekani hawakupewa. Kati ya aliyegundua, na aliyefungua, na aliyelisha, nyinyi mngeamua sufuria iende kwa nani? Na huyo mtakayemtaja, niambieni pia wale wawili wengine mtawatazama usoni muwaambie nini.